Tununue Sauti, Tusinunue Kishindo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tumeitumia katika insha zisizo na idadi, lakini ajabu ni kwamba tukifika dukani tunaisahau kabisa. Naam, ndugu msomaji, leo nataka kuzungumzia debe tupu ambalo karibu tulilete hapa shuleni kwa pesa zetu wenyewe.

Sote tunajua kwamba zile spika za zamani za bwalo la maakuli zilikata roho muhula uliopita. Tunajua pia kwamba kamati ya burudani imeweka akiba kutokana na maandazi na soda tulizouza siku ya wazazi. Fedha hizo zimekusudiwa kununua mtambo wa kutazamia video Jumamosi usiku, zikiwemo zile rekodi za tamthilia zinazotahiniwa. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi ni huu: tununue mtambo gani? Mabwenini wimbo ni mmoja tu. "Tuchukue ile kubwa!" "Ile ya wufa mbili!" "Ile ya wati elfu kumi!" Nami nilipojaribu kusema neno katika mkutano, nilizomewa nikaketi. Kwa kuwa kalamu haizomewi, nimeamua kuyaandika humu jaridani.

Sisemi haya kwa sababu najifanya mtaalamu. Nayasema kwa sababu yalitukuta nyumbani, na mimi mwenyewe nina fungu langu katika kosa hilo.

Kwetu tunakuza majani chai. Mwaka wa 2023, bonasi ilipolipwa, baba aliona kwamba baada ya karo na mbolea kumesalia kitu kidogo, akaamua kuifurahisha jamaa yake. Tukaenda mjini mimi na yeye. Katika duka moja tulimpata muuzaji mwenye ulimi mtamu kama asali. Alibonyeza rimoti, muziki ukalia, vioo vya kabati vikatetemeka, na moyo wangu ukaenda mbio kwa furaha.

"Mzee, hii kitu iko na nguvu," akasema. "Wati elfu kumi na mbili! Ukiiwasha kwako, majirani watajua umefika."

Baba alisita kidogo. Mimi ndiye niliyemvuta mkono nikamwambia, "Baba, chukua hii tu." Akatoa shilingi 16,500, tukabeba sanduku letu hadi stendi ya matatu tukitembea kama washindi.

Pale nyumbani wufa iliwekwa pembeni mwa sebule, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Zile spika ndogo tano zilipangwa juu ya kabati, zote zikitazama dari. Mama, kwa kupenda usafi, akazifunika kwa vitambaa vizito alivyovishona mwenyewe. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akiharibu kidogo, na hakuna aliyejua.

Sasa nije kwa nyanya. Nyanya yangu ana mtoto wa jicho, kwa hiyo televisheni haimsaidii. Masikio ndiyo macho yake. Kwa miaka mingi alikuwa na kiredio cha betri chenye spika moja isiyozidi kiganja cha mkono. Kila jioni alikiweka karibu na kiti chake, akasikiliza habari, kisha matangazo ya vifo, kisha akalala. Mtambo mpya ulipokuja ulikuwa na redio ndani yake, basi kile kiredio tukakiona takataka. Tukampa binamu yangu aende nacho machungani.

Tangu siku hiyo nyanya akawa anauliza kila dakika, "Mume wangu, huyo anasema nini?" (Hivyo ndivyo anavyoniita kwa utani.) Mimi nilidhani ni uzee. Nikawa naongeza sauti. Nikiongeza, wufa inaguruma zaidi, naye anauliza tena. Baba naye akiudhika anasema, "Mama, sasa tuongeze mpaka wapi?"

Jioni moja matangazo ya vifo yalisomwa kama kawaida. Nyanya akauliza, "Wamesema nani?" Hakuna aliyemjibu, maana hata sisi tulisikia mngurumo tu wenye majina ndani yake. Wiki iliyofuata mama mmoja wa kanisani alipita kumwuliza mbona hakuonekana mazishini. Aliyezikwa alikuwa rafiki yake waliyebatizwa naye siku moja, aliyeolewa ng'ambo ya pili ya mto. Nyanya hakulia mbele yetu. Alinyamaza kitambo kirefu, halafu akasema, "Mmeninunulia ngurumo, wajukuu wangu. Mimi nilikuwa na maneno."

Maneno hayo yalinichoma kama mkuki. Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinipa kazi, nami nikaifanya likizo iliyofuata. Haya ndiyo niliyojifunza, na ndiyo ninayoiomba kamati yetu iyatie sikioni kabla ya kufungua mkoba.

Mosi, hizi wati. Mwalimu aliniambia, "Nenda nyuma ya mtambo wenu usome kibandiko." Nikasoma. Mbele ya sanduku paliandikwa wati 12,000. Nyuma ya mtambo, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kwamba unatumia umeme wa wati 80. Sasa, wewe uliye Kidato cha Pili, umesoma kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Utaingizaje 80 utoe 12,000? Tena fanya hesabu hii: umeme wetu ni volti 240, na plagi yetu ya ukutani ni ya ampea 13. Zidisha upate wati 3,120. Hicho ndicho kiasi ambacho plagi nzima imekusudiwa kubeba! Mtambo wa wati 12,000 ungehitaji plagi nne, na waya ungechemka kuliko wa pasi.

Siri iko katika herufi zinazofuata nambari. PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni moja inayowafunga watengenezaji jinsi ya kuipima. Kila mtu anajiandikia anavyotaka. Herufi za kutafuta ni RMS, ambazo kwa kawaida huonyesha nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo. Duka likikuonyesha PMPO peke yake, jua unauziwa debe.

Aidha, hata wati za kweli hazifanyi kazi kama watu wanavyofikiri. Ukizidisha wati mara mbili, sauti haiwi kubwa mara mbili. Inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi. Kwa hiyo kuna nambari nyingine ya kusoma, nayo ni jinsi spika inavyoitikia wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 italia sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Basi anayechagua spika nzuri ameokoa nusu ya risiva. Na kwa mazungumzo ya kawaida sebuleni, mtambo wako hutumia chini ya wati moja. Ndiyo, chini ya moja! Kile kiredio cha nyanya hakikuwa na aibu yoyote.

Pili, maneno yanakaa wapi? Hapa ndipo sisi wa Chama cha Kiswahili tunapopaswa kuinua masikio. Chukua maneno haya: fua, kua, pua, tua, vua, jua. Yametofautiana kwa konsonanti moja tu. Mtu akikunyang'anya konsonanti, kinachobaki ni "ua", na hapo hujui kama ni ua la bustanini au ni roho ya mtu inatolewa. Irabu zina nguvu nyingi na hazipotei haraka. Konsonanti kama s, f na t ni dhaifu, na sehemu kubwa ya mlio wake iko juu ya hezi 2,000. Wufa nayo hufanya kazi huko chini kabisa, kwenye hezi 120 kwenda chini. Besi ikizidi, huzifunika konsonanti kama gunia linavyofunika mshumaa. Fauka ya hayo, mtu anapozeeka, masikio yake hupoteza kwanza milio ya juu. Kwa hiyo nilipokuwa nikimwongezea nyanya sauti, nilikuwa namwongezea kile alichokuwa nacho na kumnyima kile alichokikosa.

Tatu, idadi ya spika. Watu husikia "tano nukta moja" wakadhani ni cheo. Maana yake ni spika tano na wufa moja: moja kushoto, moja kulia, moja katikati, na mbili za pembeni au nyuma ya msikilizaji. Mpangilio huo ulitoka katika majumba ya sinema. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ndiyo ya kwanza kutoka kwa mfumo wa Dolby Digital. Katika filamu za aina hiyo, maongezi mengi hupitia ile spika ya katikati. Ajabu ni kwamba katika mitambo mingi ya bei rahisi hiyo ndiyo huwa ndogo na hafifu kuliko zote, kama kwamba mhusika mkuu amepewa nguo mbovu.

Lakini sisi tutaonyesha nini bwaloni? Rekodi zetu nyingi za tamthilia zimenaswa na kamera moja na kinasa sauti kimoja. Hazina sauti ya nyuma wala ya pembeni. Spika tano zitakuwa pambo. Kwa pesa zilezile, spika mbili imara na risiva ya kawaida zitatufaa kuliko tano nyepesi na mataa ya rangi yanayowaka waka. Sebuleni kwenu mkiwa na filamu zilizorekodiwa kwa mfumo huo na nafasi ya kuzipanga, sawa, nunueni tano. Hata hapo anzeni na ya katikati.

Nne, ndoa ya risiva na spika. Kila spika ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na nyuma ya risiva pameandikwa inaweza kubeba omu ngapi. Hapa shuleni nimesikia fundi wetu wa kujitolea akisema, "Tutaunganisha tu zote kwa waya moja." La hasha! Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo mkondo wa umeme unavyoongezeka, na risiva ya nyumbani isiyoandaliwa kwa mzigo huo itachemka, izime, au iungue kabisa. Tukumbuke pia kwamba risiva dhaifu ikilazimishwa kupiga kelele kupita uwezo wake, mlio unakwaruza, na spika ndogo za milio ya juu ndizo hufa mwanzo. Yaani konsonanti zinakufa mwanzo!

Tano, chumba. Bwalo letu lina kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati. Sauti ikitoka inagonga huku, inarudi kule, neno la kwanza linalikuta la tatu njiani. Katika chumba kama hicho kuongeza nguvu ni kuongeza fujo. Dawa ni kusogeza spika karibu na wasikilizaji, kuziinua zipite vichwa vya walio mbele, na kuzielekeza kwa watu badala ya ukuta au dari. Mapazia mazito, hata yale ya jukwaa la drama yaliyolala stoo, yakitundikwa ukuta wa nyuma yatasaidia. Wufa nayo isiwekwe pembeni mwa ukumbi, kwa maana pembe huzidisha besi.

Najua kuna watakaosema, "Huyu jamaa hapendi raha. Bila besi, muziki ni uji bila sukari." Sivyo hata kidogo. Mimi napenda muziki, na ngoma bila mdundo si ngoma. Wala sisemi tununue kitu kinyonge, kwa sababu bwalo ni kubwa kuliko sebule na lahitaji nguvu za kweli. Ninachosema ni kwamba besi ni chumvi. Chumvi ina kifungo chake nyuma ya wufa, waweza kuiongeza siku ya densi na kuipunguza siku ya tamthilia. Lakini mtambo usiokuwa na maneno safi tangu kiwandani, hakuna kifungo kitakachoyaleta.

Wengine watasema kwamba hili ni jambo dogo. Je, ni dogo? Muhula uliopita, kabla spika za zamani hazijafa, tulitazama rekodi ya tamthilia. Kidato cha Kwanza, kama desturi ya shule yetu, waliketi nyuma kabisa. Walitoka wakijua nani alipigwa kofi, hawakujua kwa nini. Sisi wa mbele tulicheka vichekesho, wao wakacheka kwa kufuata kicheko chetu. Hao ndugu zetu wamelipa karo kama sisi na wameuza maandazi kama sisi, tena jua la siku ya wazazi liliwapiga wao zaidi. Tukinunua kishindo, watakaokuwa mbele watatetemeka kwa raha, na walio nyuma watabaki kama nyanya yangu, wakiuliza, "Wamesema nani?"

Kwa hivyo ombi langu kwa kamati ni hili. Msiende dukani na wimbo wa densi peke yake, kwa sababu karibu kila mtambo hupendeza ukipiga densi. Nendeni na rekodi ya mtu anayezungumza Kiswahili, mwanamke na mwanamume, bila muziki nyuma. Mpunguzeni sauti badala ya kuiongeza. Kisha mmoja wenu asimame mlangoni, mbali kabisa, na ayaandike anayoyasikia. Mtambo utakaomwezesha kuandika maneno mengi bila kukosea ndio wetu, hata kama sanduku lake ni dogo na muuzaji anaucheka. Someni kibandiko cha nyuma kabla ya kile cha mbele. Ulizeni RMS ni ngapi na omu ni ngapi. Muuzaji akijibu, "Wee, hii inapiga tu vizuri," mwambieni asante, mwende duka la pili.

Nyumbani mambo yalirekebishika kwa kiasi. Nilimweleza mama kwa heshima kuhusu vile vitambaa, akavitoa bila kinyongo. Baba alisaidia kuisogeza wufa mbali na pembe na kukipunguza kifungo chake karibu na sufuri. Spika ndogo tuliziteremsha kutoka juu ya kabati, tukazielekeza kwenye viti. Mtambo sasa unasema, japo kwa pua kidogo. Hata hivyo nyanya hakuurudia. Nilikwenda kwa binamu yangu nikakifuata kile kiredio. Kilikuwa kimepoteza mfuniko wa betri, amekifunga kwa utepe wa mpira. Nikanunua betri mbili mpya kwa pesa zangu za matumizi, nikamwekea nyanya kando ya kiti chake.

Jioni hiyo alisikiliza matangazo yote bila kuniuliza neno. Rafiki yake hakurudi, wala siku ya mazishi haikurudi. Majuto ni mjukuu, na kwa kweli safari hii mjukuu nilikuwa mimi.

Shime, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa. Pesa bado ziko mkobani, na mkobani hazijakosea chochote. Tusikubali zikanunue debe.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu